Siku Moja Mfangano: Namna ya Kuvuka Ziwa, Kupanda Kwitutu na Kurudi Kabla ya Upepo

Wageni wengi wanaokwenda Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Kenya, huharibu safari yao kabla hawajafika, kwa sababu wanapanga siku kwa kuangalia saa. Pale ziwani, upepo ndio unaopanga ratiba. Ukiujua mwenendo wake, siku moja inatosha kuvuka maji, kupanda mlima wake wa Kwitutu, kuona michoro ya kale kwenye miamba, kula ngege (samaki wa tilapia) na kurudi bara nguo zikiwa kavu. Usipoujua, utakesha kisiwani bila kupanga, au utarudi jioni ukichota maji kwenye mashua kwa jerikeni lililokatwa. Hilo la pili limenipata, na ndiyo sababu ninaandika kwa urefu hivi.

Kwanza tuujue upepo wenyewe. Usiku kucha nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo hewa hutoka bara kwenda ziwani polepole. Asubuhi maji yanakuwa yametulia. Jua likipanda, ardhi inashika moto upesi, hewa yake inapaa juu, na hewa baridi ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Kuanzia adhuhuri upepo unakuwa umegeuka, unavuma kutoka ziwani, na mawimbi yanaanza kuinuka kwenye mlango wa Ghuba ya Winam, palepale mashua za Mfangano zinapopita. Basi kila hatua iliyo hapa chini nimeihesabu kwa kurudi nyuma kutoka saa nane mchana, saa ambayo ningependa uwe tayari uko ndani ya mashua ya kurudi. Ikipita saa tisa, lala kisiwani.

Kisiwa chenyewe

Mfangano iko Kaunti ya Homa Bay, mbele ya kisiwa cha Rusinga ukitokea mji wa Mbita ulio bara. Ukiitazama kutoka majini inaonekana kama mlima mmoja uliotumbukizwa ziwani hadi kiunoni, na picha hiyo haiko mbali na kweli. Mawe yake ni mabaki ya volkano kubwa ya kale inayoitwa Kisingiri, iliyokuwa ikilipuka zama za Miosini, karibu miaka milioni 18 iliyopita. Milima ya Gembe na Gwasi unayoiona upande wa bara ni vipande vya mwili wa volkano hiyohiyo, na Rusinga na Mfangano ziko pembeni mwake. Wakati inalipuka hapakuwa na ziwa. Ziwa Victoria ni changa mno ukililinganisha na mawe haya. Maji yalikuja baadaye sana, yakazunguka vilima vilivyokuwepo, vikawa visiwa.

Majivu ya Kisingiri yalikuwa na kemikali zilizohifadhi mifupa vizuri ajabu, na hata mbegu na matunda ya msitu wa wakati ule. Ndiyo maana mwaka wa 1948 mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey alipata pale Rusinga fuvu la nyani wa kale aliyejulikana kama Proconsul, na jina la kisiwa likaenea duniani. Ninalitaja mapema kwa sababu lina matumizi siku ya safari: ukiona jiwe lenye umbo la mfupa au jino, litazame, lipige picha, liache palepale. Mabaki ya kale yanalindwa na sheria ya Kenya, na jiwe likishatolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Wenyeji ni Abasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao mababu zao walihama kutoka upande wa Uganda. Wengi siku hizi huzungumza Dholuo, na Olusuba imebaki hasa kwa wazee. Kiswahili kinaeleweka, lakini "oyawore" ya asubuhi na "erokamano" ya kushukuru zitakufungulia milango mingi.

Jioni ya kuamkia safari

Lala Mbita. Usijaribu kutoka Kisumu alfajiri ukidhani utavuka asubuhi hiyohiyo. Utafika gatini jua likiwa limekwisha kupanda. Kutoka Kisumu matatu hupitia Katito, Kendu Bay na Homa Bay. Njia nyingine ni ya upande wa Bondo hadi Luanda Kotieno, halafu unavuka kwa feri kuingia Mbita. Mimi naipenda hii kwa sababu unaanza kulizoea ziwa ukiwa juu ya chombo kikubwa. Ukitoka Nakuru, tenga siku nzima ya barabarani na usiwe na haraka.

Ukishaweka mzigo chumbani, nenda ufukweni kabla giza halijaingia. Kazi ya jioni ni moja: kutafuta mashua na kuikagua kwa macho yako. Uliza kwenye ofisi ya kamati ya ufuo, maana kila ufuo wa wavuvi una kamati yake na wao wanajua nahodha gani ni mtulivu na nani anapenda kujaza watu kupita kiasi. Mashua za abiria ni rahisi kwa bei, ila huzunguka fuo nyingi na huondoka zikijaa. Mkiwa watu wanne au zaidi, kodini yenu. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabla, na lipa nusu. Nusu nyingine mkirudi salama.

Mashua yenyewe ikague hivi. Ingia ndani ukasimame, uangalie maji chini ya mbao za kukanyagia. Maji kidogo ni kawaida kwa mashua ya mbao, lakini yakifika kwenye kifundo cha mguu na chombo hakijatoka tangu asubuhi, tafuta nyingine. Tazama maungio ya mbao: pamba na lami ziwe zimekaa, zisiwe zinaning'inia. Omba uonyeshwe jerikeni la petroli ya akiba, makasia mawili, na kopo la kuchotea maji. Mwisho majaketi ya kuokoa maisha. Usiridhike kuyaona yakiwa yamerundikwa chini ya kiti. Chukua moja, livae, funga kamba zote, kisha mwambie mwenzako alivute juu kwa mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa kwako. Mashua isiyo na majaketi ya kutosha kila kichwa usipande, hata kama nahodha ni shemeji yako.

Kuna jambo la mwezi ambalo wageni hawalijui. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni za umeme wa jua. Samaki hufuata mwanga, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu na wavuvi wengi hupumzika. Ukienda siku za giza, utaona ziwa limejaa taa kama mji ulioelea, na hilo peke yake linatosha kukutoa Kisumu. Ukienda mwezi mpevu utazikosa taa, lakini mashua na manahodha watapatikana kwa urahisi.

Mfukoni na begani

Maji lita tatu kwa kila mtu, na usipunguze. Kofia pana, shati la mikono mirefu, viatu vinavyoshika kisigino na vyenye soli ya meno, kwa sababu majivu ya volkano yaliyosagika huteleza kama punje za mtama. Soksi ndefu kwa ajili ya nyasi na nyoka. Koti la mvua. Simu iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, halafu ndani ya mfuko mwingine. M-Pesa inafanya kazi, lakini beba na pesa taslimu za noti ndogondogo. Ndizi, njugu na chumvi kidogo. Dawa ya kufukuza mbu ni lazima. Eneo hili la ziwa lina malaria nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi, na chandarua unachokuta chumbani ukikague matundu kabla hujalala. Zungumza na daktari mapema kuhusu dawa za kujikinga ikiwa unatoka sehemu za baridi.

Kuhusu majira, Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ninayoipendelea. Mvua za Machi hadi Mei huufanya mlima kuwa mweupe kwa ukungu na njia kuwa tope.

Saa kumi na mbili asubuhi: kuvuka

Fika ufukweni kabla jua halijachomoza. Usiongoze njia peke yako gizani kwenye nyasi za ukingoni. Kiboko hurudi majini saa hizo, na hatari kubwa ni wewe kuwa katikati yake na maji. Acha wenyeji watangulie.

Kabla ya kupanda, tazama magharibi. Dhoruba za ziwani hupenda usiku na alfajiri, na mara nyingine mkia wake bado uko pale. Ukiona ukuta mweusi wa wingu umekaa juu ya maji, mwulize nahodha, na jibu lake lichukuliwe kama neno la mwisho. Mara yangu ya pili kwenda nilimuuliza mzee mmoja, "Mzee, leo ziwa likoje?" Hakunijibu mara moja. Alichota maji kwa kiganja, akayamwaga, akatazama upande wa Gwasi kwa muda. "Ngojea chai moja, mwanangu," akasema. Tulikunywa chai mbili. Tulipoondoka maji yalikuwa kama sahani.

Ndani ya mashua keti chini, katikati, uzito ugawanywe pande zote mbili. Jaketi likae mwilini limefungwa tangu mnapoondoka hadi mnapokanyaga mchanga. Ukiona moshi mweusi umesimama wima juu ya maji mbali, usidhani ni mashua inaungua: ni wadudu wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, wamezaliwa pamoja na wanapaa pamoja. Mkipita karibu, funika pua na mdomo kwa leso. Njiani utapita Takawiri, kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe. Kinavutia, na watu husema "tushuke kidogo." Msishuke asubuhi. Kila dakika ya asubuhi ni ya mlima.

Kushuka Sena

Sena ndipo yalipo makao ya utawala wa kisiwa, na ndipo pazuri pa kuanzia. Fanya mambo mawili tu hapo kabla ya kuanza kupanda.

La kwanza, kiongozi. Njia za Mfangano ni njia za watu na mbuzi, zinagawanyika kila hatua mia, na sehemu za juu zina heshima zake kwa koo za pale. Kijana wa kijiji anajua nyumba gani mpite kwa salamu na mahali gani msipige kelele. Mwombe mzee wa mtaa au kamati ya ufuo wakuonyeshe mtu, mpatane malipo mbele yao.

La pili, chakula. Tafuta mama mwenye kibanda cha chakula, mwagize sasa. "Mama, tutashuka saa sita, tuko watano, tunaomba ngege wa mchuzi na ugali." Akijua, atanunua samaki waliotoka nyavuni asubuhi hiyo. Usipoagiza, utashuka na njaa saa sita na kupikiwa hadi saa nane, na hapo upepo umekwisha kukukamata.

Ufukweni angalia unapokanyaga. Yale mazulia ya fedha yaliyotandazwa juu ya nyavu kuukuu ni omena zinazokaushwa, na ni mshahara wa mtu. Inama uzitazame kwa karibu: kila moja ndogo kuliko kidole, jicho lake bado linang'aa, na mama anayezigeuza kwa fagio anajua kwa kusikia mlio wake kama zimekauka. Zilizokauka hulia kama majani makavu. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Kupanda Kwitutu

Kilele cha Kwitutu kinakaribia mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko mita 1,135 hivi. Maana yake unapanda zaidi ya mita 500, na hewa si nyembamba ya kukusumbua. Kinachosumbua ni jua na mwinuko. Mtu wa kawaida huchukua saa mbili hadi tatu kupanda, na chini ya hapo kushuka.

Anza polepole kuliko unavyotaka. Theluthi ya kwanza ni mashamba: mtama, mhogo, mahindi, matuta yaliyozungushiwa mawe meusi. Hapo mwendo uwe wa kuweza kuongea bila kukatiza sentensi. Ukishindwa kuongea, punguza. Kunywa maji mafundo mawili kila baada ya dakika kumi na tano, hata kama huna kiu. Ukingoja kiu, umechelewa.

Sehemu ya katikati ni nyasi na mawe, na ndiyo inayoangusha watu. Jifunze kusoma jiwe unalolikanyaga. Lava iliyoganda ni nyeusi, nzito, kavu, na mguu unashika. Majivu yaliyogandamana yana rangi ya kijivu au ya kahawia, ni mepesi, na ukilisugua kwa kidole gumba unabaki na unga. Hilo humeguka. Kuna la tatu, ambalo ni kama zege: kokoto kubwa na ndogo zimeshikamana ndani ya majivu, zilizotapikwa na volkano pamoja. Usivute kokoto iliyojitokeza ukidhani ni mpini, inang'oka. Weka mguu mzima, kisigino na vidole, na ukihitaji mkono shika lava au mzizi. Kama mko wengi, msifuatane kwenye mstari mmoja mahali penye mawe yaliyolegea. Jiwe la wa mbele huwa la wa nyuma.

Karibu na juu miti inarudi. Ni vipande vya msitu wa zamani, kivuli kinene, na ghafla unasikia ndege badala ya pumzi yako. Pumzikeni hapo dakika kumi, badilisha shati lililolowa kama una jingine, kula ndizi yenye chumvi kidogo. Kisha kamilisha.

Juu, siku ikiwa safi, unaona kile ambacho ramani haikuambii. Rusinga iko chini yako mashariki, nyuma yake Gembe, kusini Gwasi, na macho yako yanaanza yenyewe kuunganisha vile vilima hadi unaona duara la volkano iliyokatwa na maji. Magharibi ni ziwa tupu mpaka linapoungana na mbingu. Ninaupenda mlima huu kuliko mirefu mingi niliyopanda, kwa sababu hapa unaelewa umesimama juu ya nini.

Angalia ziwa upande wa magharibi kabla ya kukaa sana. Kukianza kuonekana vistari vyeupe juu ya maji, upepo unakuja mapema. Anzeni kushuka. Iwe isiwe, saa nne na nusu mkono wa kiongozi uwe umeelekea chini. Kwenye mteremko fupisha hatua, kunja magoti, na geuza mguu ubavu kidogo. Vidole vya mbele ya kiatu vikianza kuuma, kaza kamba za kifundoni.

Michoro ya miambani

Kuna sehemu mbili zinazojulikana, Mawanga na Kwitone. Ni duara ndani ya duara, mizunguko kama ya konokono, na miale kama ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu wanaihusisha na Watwa, wawindaji walioishi huku kabla ya Abasuba, na wenyeji wameyaheshimu maeneo haya kwa vizazi, hasa kwa mambo ya mvua. Kwa siku moja chagua sehemu moja, na kwa mgeni nashauri Mawanga kwa kuwa ni rahisi zaidi kufika. Pikipiki zitakupunguzia mwendo. Pitia kwanza jumba la makumbusho la jamii ya Abasuba, pale Ramba, upate maelezo na mtu wa kukupeleka.

Usiguse michoro. Mafuta ya kidole yanakula rangi. Usiimwagie maji ili "ionekane vizuri kwenye picha". Kuna watu waliokuwa wakifanya hivyo katika maeneo mengine ya michoro, na rangi haikurudi.

Kama mlichelewa mlimani, acheni michoro. Itakuwapo mwakani.

Maji ya kuogelea

Mtu akishuka Kwitutu na jasho lake, ziwa linamwita kwa jina. Lakini Ziwa Victoria lina kichocho. Konokono wadogo wa ukingoni hutoa viini vinavyopenya kwenye ngozi, na huvitoa kwa wingi zaidi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, yaani saa hasa unazotamani kuoga. Penye matete na maji yaliyotuama ndipo penye hatari zaidi. Mimi sioshi hata miguu. Nakoga kwa maji ya ndoo yaliyochotwa na kulazwa siku mbili, kwa sababu viini hivyo havidumu zaidi ya siku moja au mbili nje ya konokono. Ukilowa kwa bahati mbaya wakati wa kupanda mashua, jifute kwa taulo kavu kwa nguvu papo hapo. Mamba pia wapo, kwa hiyo tazama wenyeji wanachota maji wapi.

Kuleni mkishuka. Ngege wa mchuzi huliwa kwa mkono, unaanza na shavu.

Saa nane: kurudi

Hapa ndipo palipotuponza. Nahodha wetu wa siku ile alitaka kungoja abiria wawili zaidi, nasi tukaona aibu kumhimiza. Tuliondoka saa kumi. Katikati ya njia wimbi la kwanza likaingia ubavuni, kisha jingine, na kwa dakika arobaini tulichota maji kwa zamu huku mtoto wa mama mmoja akilia juu ya gunia la omena. Tulifika. Tangu siku ile saa nane nasimama mimi mwenyewe gatini na kusema, "Nahodha, twende sasa au nalala." Yeye ndiye mwenye neno la kukataa kuondoka, la kuchelewesha simpi.

Mawimbi yakianza mkiwa majini, kaeni sakafuni, msihame pande, mwacheni nahodha akate wimbi kwa pembe. Mashua ikipinduka, ng'ang'anieni juu yake. Msiogelee kutafuta nchi kavu.

Asubuhi ikikataa

Nahodha akisema hapana, usirudi Kisumu umenuna. Rusinga imeungana na Mbita kwa daraja. Chukua pikipiki, panda kilima cha katikati ya kisiwa, mawe ni ya volkano ileile, kisha mpitie kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa kisiwani kwao. Ingia kwa adabu ya kuingia msibani.

Baada ya safari

Homa yoyote ndani ya wiki za mwanzo, nenda ukapimwe malaria siku hiyohiyo, na umwambie daktari ulikuwa ziwani. Kama ulilowa, kapime kichocho wiki sita hadi nane baadaye, kwa sababu mapema zaidi ya hapo kipimo huweza kukosa mayai yake. Tiba ni vidonge vya prazikwanteli, kwa kipimo cha uzito wako. Viatu vya mlimani vianikwe juani na tope lote litolewe kwa brashi kabla ya kuviweka.